Wikio Baina Yangu na Dada

Jumatatu, 12 Mei

Nimerudia upuuzi ule ule. Nimemimina kahawa, nimepanda juu na sahani ya mkate wa sinia, nimefika mlangoni. Pamezibwa mabati. Hakuna wikio. Tangu masika yaliyopita hatuna tena kile chumba cha juu kinachovuka juu ya ndia, kichochoro chetu, toka nyumba yangu hadi ya Dada Zuhura, na miguu yangu bado haijapata habari. Nikateremka, nikavaa buibui, nikavuka kwa chini, nikapanda ngazi zake. Dada kanuna. Kahawa ilikuwa imepoa, nadhani.

Jumanne, 13 Mei

Fundi Athumani kaja. Boriti za mkoko zimefika. Wikio alilolijenga marehemu baba lililiwa na mchwa, likabomolewa kabla halijamwangukia mtu. Sasa fundi ataka jibu: lijengwe, lisijengwe? Boriti zitalala juu ya kuta zote mbili, kwa hivyo sote wawili lazima turidhie. Dada keshakubali. Nimebaki mimi. Nisipojibu kufikia Ijumaa, boriti zaenda kwa mteja mwingine, Kipungani.

Nimemwambia nitafikiri. Wapi! Kichwa chazunguka tu.

Jumatano, 14 Mei

Magoti ya dada yamekwisha. Ngazi hawezi. Bila wikio hatoki, na nikiugua mimi hatanifikia. Basi lijengwe.

Lakini. Dada hajui hodi. Miaka yote aliibukia kwa juu, akafunua sufuria yangu, akaonja, akatia chumvi, akaenda zake. Tangu wikio libomolewe, mchuzi wangu ni wangu. Na ndia imepata jua. Nakaa dakani kwangu, kibarazani pa mlango, wapitao waniamkua. Nimependa. Astaghfirullahi, nimependa.

Basi lisijengwe. Sijui.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwambia Dada dirishani: lisijengwe. Kafunga dirisha.

Nimejiona mnyama. Halafu nikaona nimefanya sawa. Halafu mnyama tena. Wali umeungua.

Ijumaa, 16 Mei

Baada ya sala ya Ijumaa mlango wa chini ukagongwa. "Hodi!" Nikajua ni fundi. Nafungua, Dada Zuhura! Buibui lote chokaa, jasho lamtiririka. Kateremka ngazi zake kwa kukaa, kidato kwa kidato. Umri wangu wote sijapata kuisikia hodi yake. Nikasahau kumkaribisha.

"Sikuya kuteta," kasema. "Wikio nalitaka. Lakini mlango wa upande wangu natia komeo."

Komeo? La nini?

"La wewe na kahawa yako ya alfajiri! Sijafumbua mato, ushanikalia kitandani. Mwaka huu ndipo nimepata kulala."

Miaka yote nikijiona namtunza, kumbe ni kero! Nimeona haya, nimekasirika, sijui kipi kimetangulia. Nikamwambia basi na upande wangu natia komeo, nikamtajia sufuria. Kacheka mpaka kakohoa. Kisha kainuka, kaenda jikoni, katia chumvi.

Nimempigia fundi simu. Ajenge. Makomeo mawili.

Jumamosi, 17 Mei

Magoti yake yamevimba, hakuweza kurudi. Kalala chumbani kwangu.

Kahawa tayari. Nimesimama mlangoni na kikombe. Niingie? Nisiingie? Nimesema hodi, taratibu. Nasikia akikoroma. Nikakaa pale pale chini, nikainywa mwenyewe.