Kisanduku cha Nne

Kisarawe, 3 Septemba 2025

Mwanangu Firdausi,

Asalaam aleikum. Mimi sijambo, goti tu linanisumbua. Wewe na kazi za ofisini huko Kibaha mnaendeleaje? Unakula, au bado ni chai na andazi?

Ile tovuti uliyolitengenezea darasa langu la ushonaji ni pambo tu. Wiki tatu, fomu zilizojazwa ni mbili! Mwenye chumba, Mzee Abdulkadiri, kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nisipopata wanafunzi kumi na wawili, chumba anampa muuza vipuri vya bodaboda. Cherehani zangu saba nitaziweka wapi, uvunguni? Watu hawataki kushona, basi. Nimekasirika, na wewe ndiye uliye karibu.

Shangazi yako, Mwanamkuu


Kibaha, 5 Septemba

Shikamoo shangazi,

Mimi mzima, siku hizi nakula wali, usinisute. Pole na goti.

Watu wanataka! Kwenye tovuti nimeweka kitu kinachohesabu wanaoingia na wanachobonyeza. Hakitaji jina la mtu, kinaonyesha nyendo tu. Watu tisini na wanne wamefungua fomu. Wanaandika jina, simu, mtaa, vizuri kabisa. Wakifika kisanduku cha nne, tisini na wawili wanaondoka. Kuna simu moja imerudi siku nne tofauti, na kila siku inaishia hapohapo.

Kisanduku cha nne ndicho ulichoning'ang'aniza: jina na namba ya mume au mzazi aliyetoa ruhusa. Nikitoe?

Mwanao, Firdausi


Kisarawe, 6 Septemba

Marahaba.

Usikitoe! Hapa kwetu binti wa mtu hapokelewi kimyakimya kama kuku aliyepotea. Kesho mume wa mtu akija mlangoni kwangu na panga, hizo hesabu zako zitanisaidia nini? Nyie mnadhani kila kitu ni kubonyeza.

Shangazi yako


Kibaha, 14 Septemba

Shikamoo shangazi. Goti linaendeleaje? Napiga simu hupokei, nina wasiwasi.

Fomu sasa ni tatu. Darasa ni lako, sitagusa kitu mpaka useme. Ila siku zinakwisha.

Mwanao


Kisarawe, 17 Septemba

Marahaba mwanangu. Goti limepoa. Nilikuwa nimenuna tu.

Nimemwaza sana huyo aliyerudi mara nne. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilipata nafasi ya kwenda kujifunza kushona. Karatasi ilitaka sahihi ya baba. Babu yako akakataa katakata. Niliificha chini ya godoro mpaka panya wakaila. Nikaja kushika cherehani nina miaka arobaini, tena mjane.

Firdausi, wenzangu nimewawekea kizuizi kilekile, kwa mkono wangu mwenyewe. Nimelia, sikufichi. Kitoe leo. Huyo mume akija na panga atanikuta na mkasi.

Shangazi yako


Kibaha, 25 Septemba

Shikamoo shangazi! Kaa kitako kwanza.

Fomu ishirini na sita! Nimepiga kigelegele ofisini, Anselmi wa meza ya pili akadhani nimechumbiwa. Na ile simu ya mara nne imerudi, safari hii ikateremka mpaka chini ikabonyeza "Tuma". Ni nani, sijui. Yumo humo kati yao.

Nina furaha mpaka kazi hazifanyiki.

Mwanao, Firdausi


Kisarawe, 29 Septemba

Mwanangu Firdausi,

Marahaba, marahaba, na Mungu akuzidishie. Natumai uzima upo.

Leo wamekuja ishirini na wanne, itabidi wasome kwa zamu. Mzee Abdulkadiri kamleta muuza vipuri kumwonyesha chumba, kakuta viatu vimejaa kuanzia kizingitini mpaka barazani, kageuza bila hata kubisha hodi! Waume waliotokea ni mmoja tu. Huyo kabeba cherehani ya marehemu mama yake begani, ati tuiongeze ziwe nane. Nimemkaribisha maji, mkasi nimeuacha mezani.

Kisha nikafungua daftari. Sikumuuliza mtu ni nani kamruhusu. Nimeuliza majina, kila mmoja akataja lake kwa sauti, nikaandika hilo tu.

Shangazi yako, mwalimu Mwanamkuu