Kichwa cha Mcheza Ngoma wa Hekaluni

Namungo,
Ruangwa.
14 Mei, 1950.

Mpendwa kaka Dominiko,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Tanga? Kifua kimepona, au vumbi la mkonge bado linakusumbua? Sisi ni wazima. Mama Mkubwa homa imemwacha, ameanza kuvuna ufuta.

Nina habari ya kuchefua, lakini lazima uipate.

Unalikumbuka lile hekalu la Wahindi kule India tulilopelekwa kulitazama wakati wa vita? Mimi silisahau. Mnara wote wa mawe, tabaka juu ya tabaka, na kila jiwe lina tembo, ua au mtu. Mimi seremala nilishangaa kuona wamechonga hata migongo ya sanamu zilizoelekea ukutani, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Na yule mcheza ngoma wa jiwe pale langoni, ameinua mguu anajitoa mwiba!

Asubuhi ya pili kichwa chake hakikuwepo. Wakatusimamisha juani kutwa sisi askari Waafrika, wakapekua mizigo yetu, wasione kitu. Hata hivyo wewe koplo wetu ukavuliwa tepe, na barua ya jeshi ikafika huku kwamba mtoto wa Mzee Andrea ni mwizi.

Jumatatu ya juzi nimekiona kichwa hicho.

Kipo Nachingwea, kwenye kambi ya mashamba ya karanga, kwa Mzungu mmoja fundi wa matrekta, aliyeniita nimtengenezee kabati. Amekiweka sakafuni kuzuia mlango. Anazimia sigara utosini, majivu yamejaa kwenye nakshi za nywele. Nilikijua kwa kile kishimo cha shavuni na hereni moja. Nikamwuliza alikipata wapi.

Akacheka. "India. Pigo moja la nyundo! Wakapekuliwa askari wenu, sisi Wazungu hatukuguswa."

Kisha akataka nikitoboe utosini apitishe waya wa taa.

Kaka, nikaweka zana zangu chini. Nikamwambia, "Sitoboi. Aliyevuliwa tepe kwa ajili ya kichwa hiki ni kaka yangu." Akanifukuza, na kesho yake karakana ya useremala ya pale kambini ikaniachisha kazi. Nilimweleza mkubwa mmoja pale kambini. Akanijibu kuwa jiwe ni jiwe tu, niende zangu. Hata sasa nikikumbuka kile kicheko, natema mate.

Basi nikaja huku kwa miguu, nikamweleza baba yako, Baba Mkubwa, mbele ya majirani wale wale waliosikia ile barua ikisomwa.

"Miaka mitano nimekataza jina lake lisitajwe humu ndani," akasema. "Mwandikie. Mwambie aliyekosa ni mimi."

Kisha akachukua jembe, akaenda kuchimba udongo.

Mama Mkubwa Albina anakusalimu, na Kipriani, na shemeji yako Rabia. Mungu akulinde njiani, maana nategemea utapanda gari ukishaisoma barua hii. Baba yako tangu jana anapiga udongo kuta za chumba chako.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Eustakio