Barua ya Idrisa na mizinga yangu ya ng'ambo ya mto

Jumatano, katikati ya Oktoba. Mtendeni, Tabora.

Mawingu yamejikusanya juu ya mji tangu asubuhi na hayajadondosha hata tone. Joto linakera. Nimefunga duka mapema, nimekaa nyuma ya ndoo za asali, naandika kwa simu, kwa sababu nikimwambia mke wangu Konsolata haya yote atasema nimezidi kushuku watu. Huenda ni kweli. Lakini mtu aliyezaliwa Ulyankulu kwa wazazi wakimbizi kutoka Burundi, akafika miaka arobaini bila uraia wa nchi yoyote, hujifunza kushuku hata salamu.

Leo nimepewa barua. Ni barua nzuri mno.

Nieleze kwanza. Wenzetu wengi walipoandikishwa uraia, mimi nilikuwa kambini msituni Sikonge, narina asali. Niliporudi, uandikishaji ulikuwa umeisha. Sasa nimeanza upya, peke yangu. Fomu inataka historia ya kazi: ulifanya kazi wapi, kwa nani, tangu lini, na barua ya kuthibitisha. Afisa wa Uhamiaji alinionya mapema kwamba hapo ndipo wengi wanapokwama, maana asiyeweza kuonyesha alikuwa anaishi kwa kazi gani anaonekana alikuwa anaishi kwa ujanja. Na binti yangu Jesca anatimiza miaka kumi na minane Januari. Nikiwasilisha kabla ya hapo, anaingia kwenye maombi yangu. Baada ya hapo ataanza foleni yake mwenyewe, na foleni hizo nazijua.

Kazi nimefanya jamani. Miaka kumi na minne nimetundika mizinga ya marehemu mzee Ramadhani, mtu wa hapa hapa Mtendeni. Kibali cha kuingia msituni kilikuwa chake. Chapa iliyochomwa kwenye kila mzinga ilikuwa yake pia, kwa sababu mzinga usio na chapa inayojulikana ni kama hauna mwenyewe, anayeukuta anaurina. Mimi kibali nisingepewa. Basi tukakubaliana kwa mdomo, tumekaa kambini tunakula ugali, kwamba mizinga ya upande huu wa mto ni yake, na nitakayoichonga mwenyewe na kuitundika ng'ambo ni yangu, ila yote ivae chapa yake. Warina asali wengi wanaishi hivyo na watu wao. Karatasi sikuomba. Unamwombaje karatasi mtu mliyekula naye sufuria moja?

Mzee alifariki mwaka jana. Mizinga ya ng'ambo ndiyo mali yangu yote. Hata asali ya humu dukani inatoka kule.

Kwa wiki tatu nimemfuata mwanawe mkubwa, Idrisa, aniandikie hiyo barua. Hakunifukuza wala hakunipa. Kila nilipompigia aliniita kaka, akauliza Jesca anaendeleaje, akasema nisijali. Upole wake ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Halafu Jumapili jamaa mmoja wa Sikonge akaniambia amemwona Idrisa kule na pikipiki, akiulizia pa kuvukia mto. Idrisa anauza matairi. Hajawahi kung'atwa na nyuki hata mmoja. Alikuwa anatafuta nini kule?

Leo asubuhi akaniita barazani kwao. Akanimiminia kahawa, akanipa barua. Imechapwa vizuri, ina saini yake na muhuri wa duka lake. Inasema nilikuwa mwajiriwa wa marehemu kwa miaka kumi na minne, mwaminifu, mchapakazi, nikilipwa kwa mgawo wa asali, na kwamba nilihudumia mizinga yote ya familia, pande zote mbili za mto.

Pande zote mbili.

Machale yakanicheza pale pale. Nikasoma tena, kahawa ikapoa mkononi. Nikamwambia polepole kwamba ile ya ng'ambo ni yangu na baba yake alijua. Nilijiandaa kumsikia akikana.

"Najua, kaka Deo. Baba aliniambia kabla hajafa," alisema. "Lakini ukiwaambia Uhamiaji una mizinga yako hifadhini, watakuuliza kibali chako kiko wapi. Ukiwa mwajiriwa, kibali cha baba kinakufunika. Ukiwa mwenye mali, wewe ni mtu uliyekuwa unavuna msitu wa serikali bila ruhusa."

Nimeyageuza maneno hayo kila upande na sijaona tundu. Ni kweli tupu, na ni kweli inayomnufaisha yeye. Nikamwomba basi karatasi nyingine ya pembeni, ya kwetu wawili tu, ikisema mizinga ni yangu. Akasema karatasi mbili zinazopingana zikikutana siku moja kwenye meza ya mtu, zitatuponza wote. Hilo nalo ni kweli. Akasema tuaminiane tu, kama nilivyoaminiana na baba yake. Nikamuuliza kilichompeleka Sikonge. Akajibu kwamba alikwenda kujua mpaka uko wapi, asije akarina cha mtu.

Jibu zuri. Leo alikuwa na jibu zuri kwa kila kitu, na mimi naogopa mtu wa namna hiyo.

Lakini barua niliichukua. Saa sita nilikuwa Uhamiaji, shati limenilowa mgongoni. Afisa, dada mmoja mtaratibu, aliisoma yote bila haraka, akawa ananiuliza huku anaandika.

"Kwa hiyo hiyo mizinga ni ya nani?"

"Ya familia ya mzee Ramadhani, afande."

"Na wewe mwenyewe una mali yoyote kule?"

"Sina."

Sikusita hata kidogo, na hilo limenishtua kuliko swali lenyewe. Akaandika, akanigeuzia karatasi nikaweka saini na dole gumba. Kisha akaibana picha ya Jesca kando ya yangu na kugonga muhuri wa kupokelewa. Nilitamani kulia kwa furaha, na papo hapo nilijisikia kama mtu aliyeibiwa. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani nikijaribu kumtafuta mwizi.

Maana Idrisa hajasema mizinga ni yake. Mbele yangu alikiri ni yangu. Aliyetamka mbele ya serikali kwamba si yangu, akatia na saini, ni mimi. Akivuka mto kesho na vijana wake na ndoo zake, nitamshtaki kwa kinywa gani? Na kama ni mwema kweli, kama alikuwa ananisaidia tu, mbona nimeshindwa kumshukuru? Ahsante niliyompa ilitokea puani.

Sijui kama nimesaidiwa au nimeingizwa mjini. Ninachoogopa ni kwamba sitajua mpaka msimu wa kurina, na labda hata hapo nitakuwa sina haki ya kujua.

Jesca amepita dukani sasa hivi. Ameuliza kama wamepokea, nikamwonyesha muhuri. Amecheka, amenikumbatia shingoni kama alipokuwa mdogo. Halafu akauliza kama Desemba nitamchukua twende ng'ambo ya mto, akaone tunavyorina mizinga yetu.

Nimemwambia asubiri kwanza, nimwombe Idrisa ruhusa.