Maneno ya Mwisho Niliyomtungia Koplo

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla sijaongeza kosa juu ya kosa, na unisamehe barua ikiwa ndefu, maana nimezoea kuandika kwa niaba ya wengine na hii ndiyo ya kwanza ninayoandika kwa niaba yangu.

Nina miaka arobaini na sita, nina mke na watoto watatu, na kwa miaka kumi na tisa nilikuwa afisa wa siasa jeshini, kazi ambayo raia wengi hawaijui, kwa hiyo nikueleze: sikuwa wa kupiga risasi, nilikuwa wa kuongea na wanaozipiga, asubuhi nawasomea habari na kuwakumbusha kwa nini tuko pale tulipo, mchana nasikiliza nani ananung'unika na nani mkewe hajajibu barua, jioni namwandikia kamanda taarifa juu ya mioyo ya watu, na askari akifa ni mimi niliyeandika barua ya kwenda kwa wazazi wake, kamanda kazi yake ilikuwa kutia sahihi.

Nilipostaafu nilikaa nyumbani miezi minane nikiwapanga watoto mstari kabla ya chai, mpaka mke wangu akasema, "Baba, hapa si kambini, tafuta pa kwenda." Shemeji yangu akanipeleka kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, walikuwa wanatafuta afisa utumishi. Meneja akaniuliza jeshini nilifanya nini hasa, nikamjibu kuongea na watu, akacheka: "Basi hapa umefika kwenu."

Na kweli nilifika kwetu, ndilo linalonitisha. Ukumbi wetu umejaa mvuke, mtu aliye hatua kumi humwoni, unaona shuka linakuja hewani lenyewe na vidole viwili pembeni, na kila nilipoingia mazungumzo yalikatika kama redio iliyochomolewa, nami bila kutumwa na mtu nikajikuta na daftari, naandika nani kala na nani, nani kalia chooni, nani kasema nini juu ya zamu, na meneja akanisifu kwamba tangu nije ugomvi umekwisha. Haukwisha, Mshauri. Ulinyamaza.

Katika wanawake wanaokunja mashuka kuna mmoja wa miaka sitini hivi wanayemwita Mama Koplo, kwa sababu mwanawe alikuwa koplo na alifia kazini miaka saba iliyopita. Sikushtuka, makoplo ni wengi. Siku moja akaja mezani kwangu kuomba asipangiwe zamu ya jioni. Nikamwuliza sababu.

"Mwanangu huja saa kumi na moja. Lazima anikute."

Nikasema sikujua ana mtoto mwingine wa kiume.

"Sina. Ni huyo huyo koplo. Aliniachia ujumbe, ngoja nikusomee."

Akatoa kifuani karatasi iliyopigwa chapa, imefungwa ndani ya nailoni, akaisoma bila kuitazama: "Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: mwambieni mama asifunge mlango wa nyuma, nitapitia huko."

Mshauri, maneno hayo ni yangu. Niliyatunga mimi, nikiwa nimeshika kikombe cha chai, kwa sababu kamanda alikuwa akisema barua isiyo na neno la mwisho ni sawa na sahani tupu, mama wa watu atakula nini? Kijana hakusema lolote. Lori lilipinduka yeye akiwa amelala nyuma juu ya magunia, na hakuamka. Nilimfahamu kidogo, alikuwa akiwashonea wenzake vifungo, hilo nililiandika na ni kweli, lakini la mlango nililitoa kichwani mwangu kama mtu anavyotoa leso mfukoni, kisha nikaenda kula.

Wiki ile ile akaja ofisini binti yake, dada wa marehemu, ameshikilia mkoba kwa mikono miwili. Akaniambia wezi wameshaingia kwa mama yake mara mbili kwa mlango ule, mara ya pili wakamsukuma akaangukia mkono, na yeye anataka mama ahamie kwake lakini mama hasikii la mtu. "Ila wewe anakusifu," akasema. "Anasema una sauti ya kutuliza. Tafadhali kaka, mwambie afunge mlango."

Nikakubali. Jumapili nikaenda, wakaniketisha sebuleni, binti kanielekea, mama anamimina chai, na nyuma yangu mlango wa uani uko wazi umezuiwa kwa tofali, karibu nao kiti cha kamba ambacho hakuna aliyekikalia. Jua bado lilikuwa kali. Ilipofika saa kumi na moja nikasikia bomba la uani linafunguliwa, maji yanamwagika kama mtu ananawa miguu, kisha likafungwa, kisha nyayo za maji juu ya saruji, pata, pata, zikaingia, na kile kiti nyuma yangu kikalia jinsi kiti kinavyolia kikipata uzito. Nilimtazama binti, naye alikuwa anatazama sakafu kama mtu aliyezoea kuitazama saa ile. Mama akamimina kikombe cha nne, akapita kando yangu, akakiweka huko nyuma.

"Mwanangu, huyu ndiye bwana wa ofisini."

Akatulia kama anayesikiliza, halafu akacheka taratibu, akaniambia, "Anasema anakufahamu. Anasema una mwandiko mzuri."

Barua ile ilipigwa chapa, Mshauri. Rasimu yangu ya mkono aliiona mpiga chapa peke yake. Miaka kumi na tisa nimeishi kwa kuwatazama watu usoni, na siku ile sikuweza kugeuza shingo. Nilikunywa chai yangu, nikaaga, nikatoka kwa mlango wa mbele.

Sasa niko njia panda, maana nikimwambia ukweli nitamwua mwanawe mara ya pili, na nikinyamaza wezi watarudi, na kuna njia ya tatu inayonijia kirahisi mno, nayo ni kumwambia kwamba nimekumbuka, kulikuwa na neno jingine la koplo, alisema mama akizeeka afunge mlango akaishi kwa dada. Ataamini. Najua ataamini, ndiyo kazi yangu. Nifanye nini? Na je, mtu kama mimi anafaa kazi gani uraiani?

Ni mimi,
Raia Mpya

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Raia Mpya, jibu hili nalituma kwako kwanza, kwa mkono, na sitalichapa wala barua yako sitaichapa mpaka uwe umefanya nitakachokuambia, ili mama huyo asije akausoma msiba wake gazetini.

Nakuonea huruma. Ulipewa kazi ya kuwalisha mama za watu, na ghala halikuwa na kitu. Lakini usinifanye mtoto: hiyo njia ya tatu usiifikirie tena hata ukiwa bafuni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila yako imetembea miaka saba na imefika mpaka jikoni kwa mtu, na wewe unataka kuirefusha! Ukimtungia koplo neno la pili, kesho utamtungia la tatu, na yule mama hatakuwa na mtoto tena, atakuwa na wewe.

Kuhusu mwandiko, punguza hofu. Fomu za likizo pale kiwandani nani anazijaza? Mama ameuona mwandiko wako mara ngapi? Kuhusu bomba na kiti, mimi sikuwapo na sitajifanya ninajua. Ila najua hili: kilichoingia mle ndani, kama kiliingia, wewe ndiye uliyekifungulia. Usiogope kugeuka ukitazame.

Nenda Jumamosi, saa nne asubuhi. Mwambie binti mapema, ili awepo na ajue unakwenda kusema nini. Usinywe chai yao kabla hujasema. Sema kwa sentensi fupi: barua niliandika mimi, neno la mlango nilitunga mimi, mwanao alikufa usingizini. Usiombe msamaha siku hiyo, maana ukiuomba atalazimika kukuhudumia wewe badala ya kujihudumia yeye. Akikutukana, kaa. Akikufukuza, ondoka.

Na kazi? Unafaa hiyo hiyo. Kusikiliza watu si dhambi, dhambi ni kusikiliza kwa ajili ya mkubwa. Lile daftari lichome. Mtu akikwambia jambo, mwulize anataka ulifanyie nini, na asipotaka lolote, lisahau.

ALICHONIANDIKIA BAADAYE

Mshauri, nilikwenda. Nilisema kama ulivyonipangia, ingawa sentensi ya tatu ilinitoka mara mbili. Mama hakulia. Alimwambia binti alete ile karatasi, akaitoa kwenye nailoni, akanipa na kalamu, akasema, "Kata ulichotunga." Nikakata ule mstari. Akasogeza kidole chini yake: "Na hili la vifungo?"

"Hilo la kweli, mama. Hata mimi alinishonea."

"Liache."

Tukakaa. Nilijigeuza nikaelekea kile kiti, nikakitazama kwa muda mrefu, na hakikulia. Nisikufiche, nilitamani kilie. Mama naye alikuwa anakitazama. Mwishowe akasema, "Nenda sasa," wala hakunipa mkono.

Kazini akanipita siku nne kama anayepita mvuke. Sikumwandika popote, daftari nililichoma kwenye tanuru la boila. Siku ya tano akaja, akasimama mbele ya meza yangu, akasema anataka likizo, binti anakuja kumchukua na vyombo vyake. Nikavuta fomu, nikajaza jina na namba yake ya kazi, kisha nikamwuliza sababu ya likizo niandike nini.

"Andika msiba."

NENO LA MWISHO LA MSHAURI

Ndugu yangu, meneja atakuambia msiba una siku zake na hizi zimechelewa miaka saba. Mjibu kwamba mama huyu amepata habari Jumamosi. Tia sahihi leo, mpe siku zote, na mtu mwingine asimpigie simu mpaka arudi mwenyewe.