Beatha kaja na jani la sale

Eva uko wapi? Nimeaibika leo, mpaka sasa masikio yananiwaka.

Kocha wa mchezo wa vitara alitupima shabaha. Kaning'iniza mpira wa tenisi kwa uzi, unatakiwa kuugusa kwa ncha ya upanga. Nikakosa. Nikakosa tena. Akaja Beatha, yule mgeni kutoka Mkuu. Tuk! Kila akinyoosha mkono, tuk! Kocha anachekelea kama kaoa. Mimi hajawahi kunichekea hivyo hata siku moja!

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema mbele ya watu wote, "Upanga wangu umepinda, ndiyo maana."

Unajua Beatha alifanya nini? Akauomba. Upanga WANGU, Eva. Tuk!

Upanga wangu!! Nikaondoka bila kuaga mtu.

Sasa hivi yuko sebuleni kwetu. Kaleta jani la sale, eti anaomba msamaha kwa kunitia aibu. Mama kalipokea kwa mikono miwili, anampakulia mtori.

Na sisi Wachagga, mtu akishakuletea sale lazima umsamehe.

Yaani shosti, hata kumchukia siruhusiwi tena.