Muuza Mawese Niliyemwandika Kuwa Amefilisika

Rumonge,
Jumapili mchana

Baba Neema, mume wangu,

Hujambo wewe, na watoto hawajambo huko Tabora? Mgongo wako umepona, au bado unaamka umejishika kiuno kama mzee? Mimi mzima kabisa, tena nimenenepa, maana hapa kila mboga inaogelea kwenye mawese na samaki wa ziwani nakula mpaka naona aibu. Mama mwenye nyumba ananisalimu "amahoro" kwa Kirundi kila asubuhi, nami siku hizi naitikia bila hata kufikiri.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Jambo lenyewe linahusu siku yangu ya kurudi, na nakuomba usome lote kabla hujakasirika.

Unajua kilichonileta huku ni tasnifu yangu ya uongozi wa biashara: kwa nini akina mama wauza mawese wengine biashara zao zinakua na za wengine zinakufa. Nilikuja na dodoso zuri lenye muhuri wa chuo. Swali la kwanza lilikuwa, mwenye biashara yupo? Nikimkosa mara tatu naandika "imefungwa", naenda kwa mwingine. Nimefanya hivyo hapa mjini, Gatete, mpaka Nyanza-Lac. Kisha nikaandika sura nzima juu ya biashara zilizokufa kwa kushindwa kushindana, na mfano wangu mkubwa akawa Mama Aisha. Pale sokoni mahali pake palikuwa na bidoni tu, yaani dumu la mafuta, mwenyewe haonekani, na pembeni yake mwanamke anayeitwa Zubeda anauza haswa. Nikaandika kwamba Zubeda amemmeza. Msimamizi wangu aliipenda sura hiyo kuliko zote, akasema nitaisoma mbele ya idara. Nilivimba kichwa, nisikufiche.

Sasa utaratibu unataka niwarudie watu niwaeleze nilichoandika juu yao. Nikaulizia nyumbani kwa Mama Aisha, nikaenda huku nikipanga maneno ya pole. Nilimkuta mkekani amepakata kichanga, uso unang'aa. Nikamsomea ukurasa wake kwa sauti ya msibani. Alicheka mpaka mtoto akaamka.

"Mwalimu, umeandika biashara yangu imekufa? Mi niko mu arobaini, mutoto ndiyo huyu. Bidoni yangu iko sokoni, iko inauzwa kila siku."

Nikamuuliza nani anamuuzia.

"Zubeda. Nani mwingine?"

Kesho yake nilikwenda kwa Zubeda. Akaniambia kila asubuhi anamaliza kwanza mafuta ya Mama Aisha ndipo afungue ya kwake, na yeye alipojifungua Mama Aisha alimfanyia hivyohivyo. Nikamuuliza kwa nini asiuze yake kwanza. Alikuwa anapima mafuta kwenye chupa, hakuinua hata kichwa.

"Yangu ikibaki, nitarudi nayo nyumbani. Ya mwenzangu ikibaki, nitamuangalia namna gani?"

Nikamlalamikia kwamba siku ile ya dodoso hakuniambia hayo. Akasema nilimuuliza kama mwenyewe yupo, naye akanijibu kweli.

Baba Neema, nilirudi chumbani nikalia, halafu nikajicheka. Nimewazika wangapi wengine wakiwa wazima? Nikampigia msimamizi. Akaniambia kwa upole kwamba naweza kuitaja kasoro hiyo kwa mistari miwili mwishoni, kama wengi wanavyofanya, nikaja kuitetea tasnifu mwezi ujao kama tulivyopanga. Au niwatembelee upya wote niliowaandika wamefunga, na hiyo ni miezi mitatu mingine.

Nimechagua miezi mitatu. Sikukuuliza kwanza kwa sababu nilijua ungenibembeleza nirudi, nami ningekubali. Dodoso nimelibadilisha, sasa naanza kwa kuuliza, usipokuwepo nani anakuuzia? Nikiuliza hivyo watu wananivutia kigoda nikae, na nakaa. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama wiki hii. Lakini nilikuahidi nitakuwa nyumbani kabla Neema hajaanza darasa la kwanza, na hapo pananiuma, sina cha kujitetea.

Mfikishie salamu mama mkwe wangu, mwambie kanga yake ndiyo shuka langu. Wifi yangu Sikudhani, anayemsuka Neema, mpe pole kwa mikono yake, maana yule mtoto hatulii. Na baba mdogo Hamisi wa gereji, akiuliza kama nimepata mume mwingine huku, mwambie bado natafuta.

Siku ya shule umpeleke wewe mwenyewe, usimwachie wifi. Mshike mkono mpaka mlango wa darasa. Akikuuliza mama yuko wapi, usimwambie mama ana kazi nyingi. Mwambie mama aliandika mambo ya uongo juu ya watu, bila kujua, na amebaki kuyasahihisha.

Mkeo anayekukumbuka sana,
Mama Neema