Disketi za Baba Zimeingia Kwenye Kadi

Kikula, Likasi
14 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Magloire,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Baridi ya Liège imekuachia kifua, au bado unakohoa? Sisi tunapumua. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, na mahindi mwaka huu yamekubali. Kiwandani bado kimya, lakini hilo unalijua.

Kadi yako ya kuhifadhia mafaili ya kompyuta ilifika salama ndani ya soksi, pamoja na kifaa cha kuiunganisha. Nisamehe, nilikucheka mbele ya watu. Kitu kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti, kibebe disketi zote za marehemu Baba?

Unakumbuka Baba aliandika kwenye kompyuta yake ya kizamani kila ndugu aliyefukuzwa huku mwaka wa 1993 kwa kuwa ni mtu wa Kasai alielekea wapi. Dada yetu Delphine naye alimfuata mumewe huko Kasai, na tangu siku hiyo hatukusikia neno. Karatasi ziliporwa, zikabaki disketi, na mashine ilikuwa inazitafuna, tukaogopa kuzigusa. Halafu Mama Mkubwa Gertrude, kwa mapenzi yake kwa Bwana, akaweka spika ya kikundi cha sala juu ya sanduku la disketi wiki nzima. Sumaku ikafuta disketi tatu. Nilimnunia mpaka Jumapili.

Symphorien, fundi redio wa hapa Kikula, alifunga kadi ndani ya mashine, akahamishia zile nane zilizobaki, kila moja kwa kusomwa mara moja tu. Ya sita ililia vibaya, nikafumba macho. Ikapita. Sasa disketi hazihitajiki tena. Symphorien akacheka: "Hii haiogope sumaku. Mama Gertrude aweke spika yake fasi anapenda."

Ndani ya ile ya sita Delphine alikuwemo: misheni moja karibu na Luputa. Mapadri wa hapa walituitia huko kwa phonie, redio yao ya mawasiliano. Juzi tuliporudi kwa mapadri, aliyejibu alikuwa yeye mwenyewe. Mama alikuwa na maneno ya miaka mitano, akaishia kuuliza, "Weye unakula?" Nililia, sikuficha. Anakula, mdogo wangu. Ni mzima.

Mungu akulinde, na mikono iliyofunga ile soksi isikose kazi. Mama anakusalimu. Mama Mkubwa Gertrude anakusalimu na kukuombea. Watoto, Benoît na Tina, wanakusalimu.

Delphine anakusalimu. Miaka mitano sijaandika jina lake mahali hapa pa salamu.

Mimi dada yako nikupendaye,
Clotilde